Kirusi cha Njia ya Zuzu

Mjomba wangu Abdulnasiri Hamidi hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alikianza kibarazani, akainuka nacho kwenda kutazama kama kuna wingu upande wa magharibi, akapita kwa jirani kumjulia hali, na mwishowe kikombe kilikutwa juu ya gunia la uwele, chai imepoa. Mama yangu, Batuli, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa akisema kaka yake aliumbwa miguu kwanza, mengine yakaongezwa baadaye.

Sisi ni watu wa Majengo, hapa Dodoma mjini. Wazee wetu waliingia Ugogo na misafara, wamebeba mizigo ya watu wengine, wakaoa, wakafungua vibanda, wakabaki. Katika ukoo wetu mtu husomea biashara dukani kwa baba yake. Mjomba peke yake ndiye aliyetoka nje ya mstari. Mwaka 1969 alipata nafasi ya kwenda Urusi kusomea uchimbaji wa visima, na katika ndege alikaa kiti cha jirani na kijana wa Kigogo kutoka Kibakwe, kwenye milima ya Mpwapwa, jina lake Zablon Chiwanga. Mmoja Mwislamu wa mjini, mwenzake mtoto wa mwinjilisti aliyekuwa hajawahi kupanda hata treni. Wakapewa chumba kimoja katika mji wa Rostov, wakakaa humo miaka sita.

Majira ya baridi ya kwanza Zablon aliugua mapafu, na Mjomba akamlisha supu kwa kijiko wiki tatu. Majira ya pili Mjomba alichoka, akasema anarudi kwao potelea mbali, na Zablon akamfichia pasipoti mpaka hasira zikaisha. Walirudi mwaka 1975 na vyeti vyao, wakaajiriwa katika mradi mmoja wa kuchimba visima vya vijijini. Kwa miaka kumi na minane walizunguka uwanda huu na mitambo, wakilala kwenye mahema, wakila ugali wa uwele na mlenda. Mwanzoni walisemezana Kirusi pale walipotaka vibarua wasielewe. Kisha mitambo ya Kirusi ikafa, ikaja mingine yenye vitabu vya Kiingereza. Kirusi kikabaki cha utani, kisha cha matusi, kisha hakuna.

Mwaka 1993 serikali ilikuwa inajitoa kwenye mambo mengi, na mradi ule ukapunguzwa watu. Katika idara yao palihitajika fundi mkuu mmoja, na wao walikuwa wawili. Asubuhi moja jina la Mjomba lilibandikwa ukutani pamoja na mengine kumi na saba. La Zablon halikuwapo. Kupunguzwa hakukumshangaza sana. Kilichomchoma ni kwamba Zablon hakuja kumwona, si siku ile, si mwezi ule, si mwaka ule. Ukimya ule ulimwambia kwamba Zablon anajua kitu kuhusu majina yale. Akaacha kulitaja jina la Zablon, na kama mtu mwingine alilitaja mbele yake, aliinuka.

Akarudi kwenye kazi ya ukoo. Alifungua kibanda cha nafaka sokoni Majengo, wakati biashara imeruhusiwa kwa wote na kila mtu anauza kitu: huyu mitumba, yule redio za betri, huyu maharage yaliyoshuka na malori kutoka milimani. Hakuwa mfanyabiashara mbaya, ila hakutulia. Alikuwa akipima mtama huku anatazama barabara, kama mtu aliyeambiwa asubiri mgeni bila kuambiwa saa.

*

Mwezi wa pili mwaka 1996, Dorkasi, mke wa Zablon, alisimama mbele ya kibanda. Mjomba alimtambua, akajifanya anafunga gunia. Dorkasi akamwamkia kama zamani, akamwita shemeji, akaketi juu ya debe lililopinduliwa bila kukaribishwa. Alisema Zablon alipata kiharusi sikukuu ya Krismasi. Upande wa kulia umelala. Hospitali wamefanya waliyoweza, wamemruhusu, na sasa yuko nyumbani kwao Zuzu. Wiki tano hakutoa neno. Wiki ya sita ameanza kusema, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana hakuna anayemwelewa. Si Kiswahili, si Kigogo. Wanakwaya walipokuja kumwombea walidhani ananena kwa lugha, wakaimba kwa nguvu zaidi. Jirani mmoja akasema ni pepo. Mchungaji akasikiliza, akasema si hiki wala si kile, ni lugha ya watu, ila haijui.

"Mimi naijua ni ya wapi," Dorkasi alisema. "Nilikuwa nawasikia mkiisema uani kwangu, mkinicheka mchuzi."

Mjomba akasema ukweli, kwamba ile lugha ameisahau. Imepita miaka ishirini. Hata kuhesabu hawezi kupita kumi.

"Basi njoo umwambie hivyo mwenyewe, shemeji. Mimi nikimwambia hanielewi."

Kesho yake alipanda baiskeli. Zuzu ni mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Majengo kuelekea magharibi, njia ikifuatana na reli, upepo ukirusha vumbi usoni wakati wa kwenda. Alimkuta Zablon amelazwa chini ya dirisha, mdomo umeenda upande, amekonda. Binti yake Loisi, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi palepale, alikuwa anamlisha uji. Loisi alitoa shikamoo, akampisha.

Zablon alipomwona, macho yakamjaa maji. Akaanza kusema. Maneno yalitoka yakikatika, moja moja, kama ndoo inayovutwa kutoka kisima kirefu. Mjomba akainama. Alitambua mlio, alijua kabisa kwamba ni Kirusi, kwamba kiko sawa na kwamba anaambiwa yeye. Ila maana haikuja. Katika robo saa alishika maneno manne: maji, baridi, nyumbani, na jina lake mwenyewe. Mengine yalimpita. Zablon akaona kwamba hakueleweka, akarudia kwa sauti, akarudia tena, kisha akaupiga ukuta kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akageuza uso.

Mjomba alinisimulia miaka mingi baadaye kwamba alitoka pale bila kuaga. Alikuwa amekwenda na hasira yake ya miaka mitatu, ameibeba vizuri kama mzigo uliofungwa, akitaka yule mtu aione. Badala yake aliona aibu yeye.

*

Alianza kutafuta vitabu vyake siku ileile. Mwaka 1980 alikuwa amevihamishia kwetu, na Mama alikuwa amevitia chini ya kitanda. Mchwa walikuwa wameshafika. Katika vitabu tisa kilichobaki kinasomeka ni kimoja, kitabu cha sarufi chenye jalada la kijani, nacho kilikuwa kimeliwa kurasa arobaini za mwanzo. Salamu hazikuwapo, wala hesabu, wala siku za wiki. Kilianzia katikati, mahali wanapoeleza namna ya kusema mtu anakwenda, anakuja, anapita, anafika. Nyuma kabisa palikuwa na orodha ya maneno kwa alfabeti, na hiyo ilikuwa nzima.

Alijipa mwezi mmoja. Alikaa mezani kama mwanafunzi, akaandika maneno thelathini jioni ya kwanza. Asubuhi alikumbuka mawili. Akaandika mengine thelathini. Siku ya nne alikitupa kitabu uani, na shangazi Shamila, mke wake, akakiokota, akakipangusa vumbi, akakiweka juu ya kabati. Siku ya sita Mjomba alikishusha. Shangazi akamwambia jambo moja tu, kwamba tangu aolewe naye hajamwona akijifunza kitu chochote ameketi, sasa kwa nini anajitesa na meza.

Maneno yale yalimbadilishia mwendo. Akakata thelathini, akabaki na matano. Maneno matano kwa siku, si zaidi hata kama anayo hamu, si pungufu hata kama ana homa. Baada ya sala ya alfajiri aliyaandika kwa kalamu ya wino kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, kisha akatoka kutembea. Alikwenda mpaka stesheni na kurudi, akiyasema kwa sauti, neno moja kwa kila hatua mbili. Yakimchanganya, anaanza upya kutoka nguzo ya umeme iliyo karibu. Akifika nyumbani anajaribu kuyasema bila kutazama kiganja. Lililokataa linaingia tena kesho, na moja jipya linasubiri.

Sokoni aliweka kanuni nyingine. Kila alichokigusa akitaje: gunia, debe, karanga, kamba, chumvi, mkono. Kwanza kimoyomoyo, baadaye kwa mdomo. Wateja walizoea kuona muuza nafaka ananong'ona, na wapo waliokwenda kununua kwingine, wakisema mizani ya mtu anayesoma maneno juu ya mtama haiaminiki. Mjomba hakujali. Kati ya magharibi na isha alitega redio ya mkulima, ile ndogo ya betri, kwenye masafa mafupi, akaitafuta Moscow katikati ya miruzi. Akiipata alisikiliza robo saa kamili huku amesimama mlangoni, akihama mguu huu na huu. Wiki za kwanza hakusikia kitu zaidi ya sauti za watu wenye haraka. Wiki ya tano alisikia neno moja, "mvua," akaruka kama aliyeng'atwa na siafu, akamwita Shangazi aje asikie. Shangazi alikuja na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema hakika anaamini, akarudi jikoni.

Na kila Jumanne na Ijumaa jioni, baiskeli na njia ya Zuzu. Hapo ndipo alipofaidi kuliko popote. Alipachika kipande cha karatasi kwenye usukani, akapiga pedali akitamka mifano ya kitabu, mataruma ya reli yakimpa mpigo: mimi nakwenda, wewe unakwenda, yeye anakwenda. Wachungaji wa mbuzi walimpa njia.

*

Mambo yalianza kufunguka mwezi wa nne, na yalianza na uji. Siku zote Zablon alisukuma kikombe na kusema neno lilelile kwa ukali, na Dorkasi alikuwa ameamua kwamba mumewe anaukataa mkono wake. Alikuwa analia peke yake kwa jambo hilo. Mjomba aliukuta ugomvi huo ukiendelea, akasikia neno lenyewe, akasimama akitafuta, akipiga kidole kwenye fremu ya mlango. Kisha akasema, "Moto. Anasema ni wa moto."

Dorkasi akatia kidole kwenye kikombe. Wakaupoza. Zablon akanywa wote.

Baada ya hapo Dorkasi hakumwacha Mjomba aondoke bila kumpa maswali. Yalikuja mengine madogomadogo. Vidonge vya asubuhi vilimchoma tumbo. Mto ulikuwa chini mno. Hakutaka kulala chini ya dirisha, alitaka aone mlango na wanaopita. Loisi akatafuta daftari la shule, akaandika maneno kama Mjomba alivyoyatamka, kwa herufi zetu: bolno, maumivu, dver, mlango, spasibo, asante. Muda si mrefu nyumba ile ya Zuzu ilikuwa na Kirusi cha chumbani na uani, kibovu lakini kinafanya kazi. Hata mchungaji alijifunza kusema asante.

Ila lilikuwapo neno moja lililovuruga kila ziara. Domoi. Mjomba alilijua tangu siku ya kwanza, maana yake nyumbani, kwenda nyumbani. Zablon alilisema kila jioni, na kila jioni Mjomba alimjibu kwa Kirusi chake cha kuungaunga kwamba yuko nyumbani, hapa ni nyumbani, mke wake huyu, mwanawe huyu. Zablon alitikisa kichwa. Alisema tena, akaongeza neno jingine, akapiga ukuta. Kila mara iliishia hivyo, na Mjomba alirudi mjini akipiga pedali kwa hasira, hajui anamkasirikia nani.

Jibu lilikuwa kwenye kile kitabu kilicholiwa. Mwezi wa sita, akiwa anatembea kuelekea stesheni, kiganjani ameandika maneno matano ya ukurasa wa hamsini na nane, alisimama katikati ya barabara, lori likampigia honi. Kirusi hakina kwenda kumoja. Kiko kitenzi cha kwenda kwa miguu, na kiko kingine cha kwenda kwa chombo: kwa gari, kwa treni, kwa mkokoteni. Zablon hakuwa akisema kwenda tu. Alikuwa anasema yekhat. Kwenda nyumbani kwa chombo. Nyumbani kwenyewe basi ni mbali. Ni Kibakwe, kwa mama yake.

Hakungoja Ijumaa. Alifunga kibanda, akaenda Zuzu jua likiwa la saa nne, akaingia huku anatweta, akasema bila salamu, "Kibakwe? Yekhat?"

Zablon akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Da," alisema. Ndiyo. Akaendelea kusema ndiyo mpaka Dorkasi akaja mbio kutoka jikoni.

*

Safari ilipangwa baada ya wiki mbili. Msafiri, dereva aliyekuwa akimletea Mjomba maharage kutoka Kibakwe, alikubali kuwachukua kwenye lori, mgonjwa akae mbele kwa mto. Mambo yangeishia hapo, yangekuwa mazuri. Lakini Mjomba alikuwa na neno moja alilolitafuta kwenye orodha ya nyuma ya kitabu tangu mwezi wa tano, neno ambalo halikuwa katika matano ya siku yoyote. Hakumwambia mtu. Alilibeba kiganjani siku nane mfululizo, akiliandika upya kila lilipofutika. Spisok. Orodha ya majina.

Siku moja kabla ya safari alimkuta Zablon peke yake, Dorkasi amekwenda kisimani. Mjomba hakuketi. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema maneno mawili, la pili likiwa "nani."

Zablon alielewa mara moja. Mjomba alisema alijua kutokana na jinsi uso ulivyotulia, hata ule upande uliokufa ukaonekana kama unatulia. Treni ya mizigo ikapita nje, ikaisha. Kisha Zablon akainua mkono wa kushoto, akaweka kiganja kifuani pake.

"Ya," alisema. Mimi.

Akatafuta maneno mengine. Yalikuja kwa shida, na Mjomba aliyaelewa yote, na alitamani asiyaelewe. Ama wewe, ama mimi. Waliniambia niandike jina moja. Wewe una soko, una ukoo mjini. Mimi sina kitu. Kisha likaja neno la mwisho, akalirudia mara tatu, jicho lake zima limemkazia Mjomba. Prosti. Nisamehe.

Mjomba alilijua neno hilo tangu akiwa na miaka ishirini na miwili. Ndilo neno la kwanza alilojifunza Urusi, alipomwagia mwanamke chai kwenye treni.

"Hilo," akajibu kwa Kiswahili, "sijalifikia."

Akatoka. Dorkasi alipishana naye njiani, ndoo kichwani, akamsemesha, yeye akapita moja kwa moja. Asubuhi ya safari Msafiri alimsubiri Mjomba na lori sokoni, ndipo waende Zuzu kumchukua mgonjwa, mpaka saa tano, kisha akapakia mizigo mingine akaondoka.

Siku kumi na moja Mjomba hakukanyaga Zuzu. Alikwenda Kongwa kununua mahindi, akarudi bila mahindi. Akapanga upya magunia ya kibanda chote, akayarudisha yalivyokuwa. Redio hakuifungua. Kiganja chake kilikuwa cheupe. Mama alikwenda kumwona, akarudi akasema kaka yake yuko kama kuku anayetaka kutaga. Lakini tabia aliyojijengea miezi mitano haikumwuliza ruhusa. Alishika kamba, mdomo ukaitaja kamba. Alipima karanga, mdomo ukasema karanga. Alfajiri miguu ilimpeleka stesheni yenyewe, na hatua zikatafuta maneno ya kukanyagia. Alijizuia kwa kusoma dua, akajikuta kati ya dua na dua anasema: mimi nakwenda, wewe unakwenda.

Siku ya kumi na moja alimweleza shangazi Shamila yote. Shangazi alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Alimwuliza kama, wakati ule wa 1993, wangempa yeye kalamu, angeandika jina la nani. Mjomba akasema angekataa kuandika. Shangazi akachambua mchele mpaka ukaisha.

"Ungekataa siku ya kwanza," alisema. "Ya pili ungerudi kuuliza muda wa mwisho ni lini."

Mjomba alikasirika, akatoka, akazunguka soko mara mbili. Mara ya tatu aliingia kwa Msafiri, akamwuliza lori linaondoka lini tena.

*

Walikwenda Kibakwe Jumatano. Mjomba alisimama nyuma kwenye bodi njia nzima, pamoja na Loisi na magodoro, kutoka uwandani penye vumbi mpaka lori lilipoanza kupanda na hewa ikabadilika, mashamba yakawa ya kijani na maji yakasikika korongoni. Dorkasi alikaa mbele na mumewe. Mjomba alikuwa amemsalimia Zablon kwa Kirusi, salamu ya kawaida, akamwinua kwapani kumpandisha. Neno lile la kusamehe hakulisema, siku ile wala baadaye. Nilimwuliza mara moja kwa nini. Alisema Kirusi chake kilikuwa cha maneno matano kwa siku, na kusamehe hakukukubali kuingia katika hesabu hiyo, kulitaka zaidi.

Mama yake Zablon alikuwa bikizee wa miaka themanini na kitu, haoni vizuri. Walimshusha mwanawe, wakamketisha kwenye kigoda kilichoegemezwa ukuta. Bikizee akamshika uso kwa mikono miwili, akamsalimu kama Wagogo wanavyosalimiana, "Mbukwa." Dorkasi alianza kueleza kwamba mama asimlaumu, mwanawe hajibu Kigogo tangu augue. Hajamaliza, Zablon akafungua mdomo.

"Mbukwa, yaya," alisema, akimwita mama kwa Kigogo. Ilitoka nzima, haikukatika.

Loisi alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mjomba alikwenda nyuma ya nyumba, akatembea huku na huku kwenye shamba la maharage la watu mpaka akaitwa kula.

Tangu hapo lugha zilirudi kwa Zablon, Kigogo kwanza, Kiswahili kwa kuchechemea miezi iliyofuata. Hakupona mkono, ila aliweza kutembea kwa fimbo. Alibaki Kibakwe na Dorkasi; Loisi akaomba uhamisho wa shule akawafuata. Mjomba alipanda kila msimu wa maharage kununua, na alilala kwao siku mbili. Wa kwanza kugundua ni Dorkasi, kwamba wakisema Kiswahili wale wawili walikosa maneno. Waliulizana bei na afya, kisha kila mmoja akatazama upande wake. Kwa Kiswahili walikuwa bado wamegombana. Ikabidi warudi kwenye Kirusi, kibovu kwa wote wawili sasa, mmoja anasahau mwanzo wa sentensi na mwenzake hajui mwisho, na hapo walicheka, wakabishana juu ya supu ya Rostov, nani aliwahi kuipika bila kuiunguza.

Zablon alifariki mwaka 1999, kiharusi cha pili, mchana, akiwa amekaa mlangoni. Mjomba alipata habari kwa dereva wa lori, akafika mazishi yakiwa yanaanza. Mchungaji alimpa nafasi ya kusema, maana wote walijua urafiki wao. Alisimama akasema kwa Kiswahili kwamba huyu alimfichia pasipoti mwaka 1970, na kwamba asingefanya hivyo yeye asingekuwa fundi wala kitu. Akataka kuendelea, akashindwa, akashuka na njia kuelekea korongoni. Watu walimwacha.

Wiki iliyofuata nilipita kibandani kwake Majengo. Alikuwa anamimina mtama kwenye debe la mteja, na kwenye kiganja cha kushoto niliona wino mpya. Nilimwuliza sasa anajifunza kwa ajili ya nani. Alitazama barabara kwanza, kama kawaida yake.

"Sijui, Nasma," alisema. "Nikiacha, siku inakuwa ndefu mno."

Akamrudishia mteja debe lake, akaniachia kibanda, akaenda kuona kama lori la Mpwapwa limefika.